Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Bibi Vifungo alikuwa haoni, lakini ndani ya kichochoro chao hakuna aliyelikumbuka jambo hilo isipokuwa wageni. Alitembea kiganja cha kushoto kikiwa ukutani, mkono wa kulia umebeba mfuko wa nguo alizoshona mwanawe, na aliwapita kwa mwendo wenye macho, ambao iliwabidi wakwepe ndoo, viatu na watoto. Ukuta wa kwanza ulikuwa wa muuza chai, nao ulikuwa na joto tangu alfajiri kwa sababu jiko liliegemea upande wa pili. Uliofuata ulikuwa wa nyumba yao wenyewe, laini kwa chokaa, na penye kimo cha kiuno palikuwa na tundu alilolichimba kwa kidole miaka nenda rudi bila kukusudia. Kisha ulikuja wa kinyozi, wa mabati, uliotetemeka kwa redio. Kufikia hapo Bibi alikuwa ameshajua nani kaamka vibaya, nani kapika, na shati la nani linahitaji kifungo.

Mtaa ulikuwa umebanana kweli. Nyumba zilipandiana, mtu akijenga juu ya mwenzake kwa makubaliano ya mdomo, na jua lilikuwa mgeni wa adhuhuri tu. Likishapita, kila ukuta ulimpa mwenzake kivuli mpaka jioni. Muuza chai ndiye aliyewasha kiberiti alfajiri. Baada ya hapo kiberiti hakikuwa na kazi tena. Makaa mekundu yalihama kwa koleo kutoka mlango hadi mlango, na sufuria moja ikishuka jikoni nyingine ilipanda, ili moto usipotee bure. Hakuna aliyewafundisha. Mkaa ulikuwa ghali na nafasi ya kuweka majiko mawili haikuwepo.

Siku moja Bibi alikuwa katikati ya njia yake ya asubuhi mkono wake ulipogusa bega la mtu.

"Shikamoo, bibi," sauti ya msichana ikasema.

"Marahaba. Wewe ni mgeni. Umesimama palipo na ukuta wangu."

Msichana akasogea, akacheka kwa aibu. Alikuwa mpimaji kutoka ofisi ya mipango miji, ana mizani ndogo mkononi na kisanduku cha kunusa moshi begani. Alieleza kwamba wanapima moshi wa kila kaya: mkaa, taa, mafuta ya magari, kila kinachochomwa, kwa sababu vyote hivyo hupanda angani na dunia inazidi kuwa na joto.

"Moshi wangu ufike angani?" Bibi aliuliza. "Huu haujawahi kufika hata kwa kinyozi. Muuza chai anautumia wote."

Mpimaji alianza na nyumba yao. Fundi, mwanawe Bibi, alikuwa kwenye cherehani. Mkewe, Msusi, alikuwa anasuka kichwa cha mteja pale kizingitini. Binti yao alikuwa ngazini kwa kinyozi anasomea mtihani, maana ndani pazia liligawa chumba kimoja kuwa viwili na hakukuwa na cha tatu.

"Jiko hili ni la nani?" Mpimaji aliuliza.

"La muuza chai," Msusi akajibu.

"Na mkaa?"

"Wa kinyozi. Zamu yake."

"Na sufuria?"

"Hiyo ni yangu. Lakini maharage ni ya jirani."

Mpimaji alikaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akagawanya alivyoweza, na hesabu ilipotoka akaigonga mizani kwa kidole akidhani imekufa. Hakuwa amewahi kuona kaya yenye moshi mdogo hivyo. Akaipima mara ya pili, mizani ikasema vilevile.

Ofisini kwake, hata hivyo, mambo yalikuwa yameshapangwa. Mkubwa wake, ambaye mtaani walimwita Bwana Mipango, alikuja na viatu vinavyong'aa, akasimama mdomoni mwa kichochoro akakipima kwa kunyoosha mikono yote miwili, ikagusa kuta. "Mtaa huu haupumui," akasema. Kichochoro kingepanuliwa kuwa barabara, na wakazi wangehamia nje ya mji, kwenye Makazi ya Kijani, kila mtu na nyumba yake na nyasi zake. Kwanza ingehamishwa kaya moja ya mfano. Ikiishi huko mwezi, ikiridhika, wengine wafuate.

Walichaguliwa wao. Bwana Mipango hakuficha sababu: fundi, mwanafunzi na mzee asiyeona, ni picha nzuri. Mpiga picha alimpa Bibi fimbo nyeupe aishike.

"Ya nini?" Bibi akauliza.

"Ili ionekane, bibi."

"Ionekane nini?"

Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambaye amejilowesha, na picha ikapigwa hivyo.

---

Nyumba mpya ilikuwa na vyumba vinne na jiko lenye mlango.

Tuseme ukweli kuhusu Msusi, maana watu walimsema vibaya baadaye na wengine walimsifu kupita kiasi. Aliolewa akiwa na ndoto moja, nayo ilikuwa jiko. Si dhahabu, si gari. Chumba cha kupikia ambacho akifunga mlango hakuna mtu atakayepitisha kichwa kumuuliza leo kuna nini. Siku ya kwanza aliingia humo, akafunga, akasimama katikati hana anachofanya. Akalia kidogo, kilio cha raha, kisha akapangusa kabati ambalo halikuwa na vumbi. Binti naye alifunga mlango wa chumba chake na kuufungua mara nyingi, ili tu kuusikia.

Sebuleni kulikuwa na kochi la kuazima. "Nailoni msiitoe mpaka siku ya sherehe ya kukabidhiwa ufunguo," waliambiwa, kwa hiyo walikalia nailoni. Bibi aliketi humo asubuhi, na kila alipojigeuza kochi lilipiga kelele. Wageni wa ofisi walikuja kumtazama. Walizungumza juu ya kichwa chake, wakamwuliza Msusi, "Anasikia?"

"Anasikia," Bibi akajibu.

Siku ya pili alitoka nje, akanyoosha mkono wa kushoto. Akapiga hatua, akanyoosha tena.

"Ukuta uko wapi?"

"Mama, hapa kuna nafasi," Msusi akasema kutoka mlangoni.

"Nafasi nimeisikia. Nimeulizia ukuta."

Ukuta wa jirani ulikuwa mbali, ng'ambo ya nyasi na ua na njia ya magari. Walimpa ile fimbo nyeupe. Akaichomeka nyasini, ikazama bila kusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuishi Makazi ya Kijani. Kimya cha pale hakikuwa na mshindo wowote. Upepo ulipita, mtambo wa kumwagilia ukazunguka, na basi. Bibi akarudi ndani akakalia nailoni yake.

Maisha mengine nayo yakawa na magurudumu. Jua lililozoea kuwapitia juu sasa liliipiga nyumba pande zote, feni ikazunguka mchana kutwa. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, kwa hiyo hata chumvi ilikuja kwa pikipiki, imekaa nyuma kama abiria. Wateja wa Msusi walikuja mara moja, wakasifu nyasi, hawakurudi. Cherehani ya Fundi ilibaki mjini kwenye kona ya kinyozi, maana kazi ilikuwa huko, naye akaondoka alfajiri kwa mabasi mawili na kurudi jioni kwa mabasi mawili, amechoka kwa kukaa kuliko kwa kushona.

Kila jioni, kabla hajavua viatu, mama yake alimwuliza.

"Umepita nyumbani?"

"Nimepita, mama."

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga."

Bibi aliuvaa ufunguo wake wa kichochoroni shingoni kwa uzi wa kushonea, na akijibiwa hivyo aliugusa, akatulia. Kisha aliweka kiganja hewani, kikaanza kwenda taratibu, kikapanda kidogo, kikasimama. Binti ndiye aliyegundua anachofanya. Bibi alikuwa anatembea kichochoroni akiwa amekaa. Pale kiganja kiliposimama ni kwa muuza chai. Pale kidole kilipochomoka kikazunguka ni kwenye tundu lake. Alifika hadi mwisho akarudi. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi mtamu, na wao walizoea kunong'ona mpaka amalize safari.

Fundi hakuweza kumtazama. Mlango ule aliosema ameufunga haukuwepo. Wiki ileile waliyohama, vijana wa manispaa walikuja na nyundo, kwa kuwa kaya ya mfano ilikuwa imeshaachia chumba, na wakakibomoa kuanzia dari. Fundi alitazama kutoka kwenye kona ya kinyozi, utepe wa kupimia shingoni, mguu bado juu ya cherehani. Hakumwambia hata mkewe. Siku ya kwanza alinyamaza kwa huruma, siku ya pili kwa uoga, na baada ya hapo uongo ukawa na mazoea yake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi ilikuwa inakwenda kuishia kwenye kibanda cha walinzi.

---

Alasiri moja Msusi akiwa jikoni amefunga mlango wake, Bibi alitoka. Mguu wake ulipata ukingo wa saruji wa barabara, naye akaufurahia kama aliyekutana na ndugu. Aliufuata kwa unyayo. Ukingo ukampeleka kwenye geti, geti likawa wazi, vyuma vikampa ukuta, ukuta ukampa mlango. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

Sasa, kichochoroni mlango uliorudishwa maana yake ni karibu. Bibi alipiga hodi. Haikujibiwa, na kichochoroni hodi isiyojibiwa maana yake ni mwenyewe yuko msalani, wewe ingia uketi. Akaingia, akaketi. Mkono wake ukakuta shati kwenye egemeo la kiti, na vidole vikashuka wenyewe juu ya vifungo, vikafika kwa kimoja kinachoning'inia. Alikuwa na sindano kwenye mtandio, siku zote alikuwa nayo. Akatunga uzi kwa ulimi na kucha kama kawaida yake, akaanza kushona. Tangu wahame hakuwa amejisikia vizuri kiasi hicho.

Mwenye nyumba, mtu wa benki, alitoka bafuni na taulo kiunoni akamkuta kizee asiyemjua amekaa sebuleni kwake anakata uzi kwa meno. Alipiga yowe la haki yake. Walinzi wakaja mbio.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango," Bibi akasema.

Walimkalisha kwenye kigoda katika kibanda chao kando ya geti kubwa la makazi, pale mabasi yanaposimama. Msusi alifika ana povu la sabuni mikononi. Alikuwa bado anaomba msamaha wakati basi liliposimama na Fundi akashuka, akamwona mama yake nyuma ya kioo, katikati ya simu za upepo na makoti ya mvua.

"Huyu ni wa kwenu?" mlinzi akauliza. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu kumaliza zamu. "Muwe mnamfungia ndani. Hapa si pa kuzurura."

Neno hilo lilimchoma Msusi. Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba mama mkwe wake anazurura. Siku zote alikuwa anakwenda mahali. Mtu wa benki, ambaye sasa alikuwa amevaa, alisimama kando akilipapasa shati lake. "Mimi nilishtuka tu," akasema. "Kifungo chenyewe kimeshonwa vizuri."

"Cha kwanza alikushonea mtu mwenye haraka," Bibi akamwambia. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nipeleke kwangu. Ufunguo ninao."

"Twende ndani, mama. Kesho."

"Si kule. Kwangu. Mlango si unaufunga kila siku? Nitaufungua mwenyewe."

Fundi aliketi kwenye ngazi ya kibanda. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akasema akitazama viatu vyake. "Mama, mlango haupo."

"Umesema unaufunga."

"Nilikuwa nasema hivyo tu."

Mlinzi akaona afadhali akague geti. "Na ukuta?" Bibi akauliza.

"Na ukuta."

"Ule wenye tundu langu?"

"Ule wenye tundu lako, mama. Nisamehe."

Msusi hakumgombeza mumewe. Alitamani kumgombeza, maneno alikuwa nayo tele, lakini alimtazama mama mkwe wake akiushika ule ufunguo kwa mikono miwili, akaona maneno yote hayana pa kukaa. Walirudi nyumbani wamemshika huku na huku. Hilo nalo lilikuwa jipya, kwa sababu Bibi hakuwa amewahi kushikwa.

---

Kesho yake hakuamka. Hakuwa mgonjwa. Alisema tu kwamba kitandani angalau kuna ukuta, akalala ubavu, kiganja kimeugusa. Chakula alikula akiwa vilevile. Binti aliacha mlango wa chumba chake wazi siku nzima, akasomea sakafuni karibu na kitanda cha bibi yake.

Mpimaji alikuja siku hiyo, kwa kuwa sherehe ilikuwa kesho. Alipima mtungi wa gesi, akasoma mita ya umeme, akauliza kuhusu mabasi na pikipiki. Msusi alimpokea jikoni, akawasha moto kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, kisha akauzima.

"Mbona umekunja uso, mdogo wangu? Mizani imekufa tena?"

"Safari hii mizani ni nzima." Mpimaji alikipakata kisanduku chake. "Dada, moshi wenu umeuzidi wa kule mara kadhaa."

"Wetu sisi? Watu walewale?"

"Watu walewale. Mmeongeza umbali tu. Kule mlikuwa mnapeana moto, mnapeana kivuli, kila kitu kiko mguuni. Hapa kila mmoja ana cha kwake na kila kitu kiko mbali."

"Kwa hiyo tumekuja kwenye nyasi kutoa moshi." Msusi akacheka, kicheko kikaishia njiani. "Bwana wako anajua?"

"Nimemwambia. Amesema kesho tuzungumzie nyasi."

Msusi aliegemea kabati lake. Alilipenda kabati lile, alipenda hata bawaba zake. "Usinionee huruma," akasema. "Mimi jiko hili nalitaka. Nalitaka mpaka naumwa. Niambie tu, nikikataa huo ufunguo kesho, kutakuwaje?"

Mpimaji alifikiri kabla ya kujibu, maana hakutaka kumdanganya. "Chumba chenu hakirudi, maji yameshamwagika. Na nyumba hii hamtapewa tena. Lakini kuta nyingine zinasubiri neno lenu. Mkikubali, tingatinga linaingia kichochoroni Jumatatu. Mkikataa, kikao cha ofisi lazima kiitwe upya, na kwenye kikao mimi nitasoma vipimo vyangu. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Kikao."

"Kikao, dada."

Alipoondoka, Msusi aliingia chumbani kwa mama mkwe wake. Bibi alikuwa amelala na macho wazi, na kidole chake kilikuwa kinakwangua rangi mpya ya ukuta, taratibu, mahali pamoja, usawa wa kiuno.

---

Siku ya sherehe mahema yalisimikwa juu ya nyasi na kochi likavuliwa nailoni. Muuza chai na kinyozi walikuja kwa basi la ofisi, wamevaa vizuri, wamekaa safu ya nyuma. Bwana Mipango alizungumza kuhusu miji inayopumua. Kisha akamwita mama wa nyumba, akamkabidhi ufunguo wa maboksi uliopakwa rangi ya dhahabu, mkubwa kuliko mkono wake, na kipaza sauti. Maneno alikuwa ameshafundishwa: tunashukuru, sasa tunapumua.

Msusi aliushika ufunguo ule.

"Natetemeka, mtaniwia radhi. Ndani humo kuna jiko. Lina mlango. Nilianza kuliota kabla huyu binti hajazaliwa. Jana nimelisugua mpaka kwenye pembe, kwa kuliaga."

Bwana Mipango alitabasamu, hajaelewa bado.

"Tatizo ni mama mkwe wangu. Hapa ni kipofu."

Watu wachache walicheka, cheko la kutojua pa kutazama. Bwana Mipango aliinama akamnong'oneza kwamba bibi ni kipofu tangu zamani.

"Hapana, mzee wangu. Kule anaona," Msusi akasema, na kipaza sauti kikalisambaza juu ya nyasi zote. "Anaona kwa mkono wa kushoto. Kule alikuwa anapeleka nguo, analeta habari, anamjua mgonjwa kabla ya mkewe kumjua. Hapa juzi amefungiwa kibandani kwa kosa la kuingia mlango ulio wazi. Mmetupa nafasi, tunashukuru, lakini mama amepotelea ndani yake. Mkitaka tupumue, tuleteeni bomba la maji na ngazi imara palepale, tutapandiana juu kama tulivyozoea. Nyumba zilizobaki msizivunje. Ufunguo huu sichukui."

Aliuweka kitini, kwa upole, usije ukakunjika. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa kitambo mkewe hakujua kama ni kwa aibu. Kisha akainuka, akaenda kumshika mama yake mkono, na Bibi akaukataa mkono huo.

"Nionyeshe basi lilipo," akasema, "mengine niachie mimi." Fimbo nyeupe aliiacha chini ya kiti.

---

Waliingia kichochoroni alasiri na mabunda yao. Kinyozi alikuwa ameshaahidi kuondoa viti vibovu kwenye chumba chake cha juu ili wakae humo, chumba kidogo kuliko kile cha zamani, na ngazi yake inalia. Pale chumba chao kilipokuwa palikuwa na mwanga. Mtaa haukuwa umewahi kuwa na mwanga mwingi hivyo. Ulimwagika kutoka juu, vumbi linaelea ndani yake bila haraka, na watoto wamekaa humo kimya, wanashika miale kwa mikono.

Bibi aliweka kiganja kwenye ukuta wa muuza chai. Ulikuwa wa moto. Akavuta pumzi, akaanza kutembea, mwepesi, kichwa kimeinuka, na wote wakamfuata wakifurahi kumwona hivyo. Hakuna aliyefikiri, mpaka alipobakiza hatua chache kufika penye pengo.

Fundi ndiye aliyetupa bunda. Alimpita mama yake mbio, akasimama pale ukuta ulipokatika, mgongo umeelekea mwangani, bega limetokeza. Msusi akaelewa, akasimama karibu naye. Binti akafuata. Bado pengo lilikuwa kubwa. Kinyozi, aliyekuwa ametangulia kurudi, alichungulia, akamvuta mteja wake aliyekuwa kwenye kiti, shuka bado shingoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja, wakajaza palipobaki.

Kiganja kiliacha saruji kikagusa bega la Fundi. Bibi akasita, lakini hakusimama. Mkono ulipanda, ukakuta utepe wa kupimia, ukashuka. Ukafika kwa Msusi, ukapita shavuni palipolowa. Ukafika kwa binti, aliyekuwa amebana pumzi asicheke. Kwa mteja wa kinyozi ulikaa kidogo.

"Ukuta huu umekwanguliwa nusu," Bibi akasema.

Baada ya kinyozi mwenyewe yalikuja mabati, yanatetemeka kwa redio, na Bibi akayapiga kofi la salamu. Angeweza kuendelea. Badala yake aligeuka, akarudi kwa kuwapapasa tena mmoja mmoja mpaka kwa mke wa mwanawe, akamshika kiuno, na kidole chake kikamchoma pale usawa wa tundu.

"Wewe jikoni hukutoka kwa hiari," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimetoka kwa hiari, mama. Nimelia tu."

Bibi alikata uzi wa shingoni kwa meno, kama alivyokata nyuzi zote za maisha yake. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Msusi, akamkunja vidole juu yake.

"Umefunga?" akauliza.

Nyuma ya Msusi hapakuwa na kitu ila mwanga na vumbi. Akaubana ule ufunguo mpaka ukamwumiza.

"Nimefunga, mama."